Tupeane uzoefu: ulisoma maisha ya nyota gani wa kikapu yakakugusa?

Reli ya Kati
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora, Isevya. Juzi mwanangu wa kidato cha pili kaniomba simu, nikadhani anatafuta nyimbo. Kuchungulia, anasoma habari za Hasheem Thabeet. Nikamnyang'anya nione ni nini hicho, nikajikuta nimesoma mpaka bando limekata.

Jamaa kazaliwa Dar 1987, kapita Makongo, kikapu kaanza kukishika akiwa kijana mkubwa tayari. Mara yuko Houston anamalizia sekondari, mara Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 Memphis Grizzlies wanamchukua namba mbili kwenye drafti nzima ya NBA, yaani ule uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kikapu Marekani. Namba mbili, jamani! Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba.

Nilikuwa najua juu juu kwamba tuna mtu wetu kule, ila kuyasoma yote kwa mpangilio ni kitu kingine. Nimebaki na mawazo, na dogo naye sasa hivi anaruka ruka kugusa kenchi za nyumba. Aliyewahi kusoma maisha ya hawa watu yakamgusa, aje tupeane uzoefu. Matusi hapana.

Kaka Gungu
Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

Senta Mstaafu
Mleta mada umenitonesha. Mimi ni futi sita na inchi tano, nilisoma hapo hapo Tabora, shule siitaji. Mwaka huo huo wa 2009 mwalimu wa michezo alikuja na gazeti lenye picha ya Thabeet kavaa kofia ya Memphis, akalibandika kwenye ubao wa matangazo, halafu akageuka akanioneshea fimbo: "Wewe! Kuanzia leo jembe weka chini." Mpira wa kikapu nilikuwa sijawahi kuugusa. Nikawa kila jioni nasoma lile gazeti mpaka jua likalifubaza. Wanafunzi wakaanza kuniita Hashimu, jina langu halisi likapotea mpaka leo kwenye kundi letu la waliomaliza.

Sasa balaa ni viatu. Mguu wangu ni namba 49. Tabora ile ya wakati ule 49 unaipata wapi? Shule ikanitafutia raba namba 45, mwalimu akachukua wembe akakata mbele, vidole vikatoka nje. Tukaenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa hivyo hivyo. Naingia uwanjani, shule ya upande wa pili wameona, wakaanzisha wimbo: "Vidole! Vidole! Vidole vya senta!" Wasichana nao wanaimba. Nikasema potelea mbali, nitawanyamazisha kwa bloku, yaani kuupangua mpira wao hewani.

Dakika za mwanzo tu nikaruka kupiga bloku, na mpira nikaupata vizuri kabisa, ukaenda mpaka kwa watazamaji. Ila kutua, soli imebaki huku, mimi niko kule. Nikavua raba zote mbili nikaendelea peku. Saa nane mchana, sakafu ya saruji, Tabora, mwezi wa sita! Nyayo zilitoka malengelenge nikashindwa kutembea, nikarudi bwenini nimebebwa mgongoni na kijana mfupi kuliko wote darasani, miguu yangu inaburuzika chini. Hiyo picha ndiyo shule nzima wanaikumbuka. Bloku hakuna anayeikumbuka.

Asali Mbichi
Hahahaa, miguu inaburuzika! Mbavu zangu jamani.

Mchambuzi wa Ng'ambo
Tuwe wakweli lakini. Thabeet alipewa nafasi akaichezea. Namba mbili mzima, halafu Februari 2010, msimu wake wa kwanza tu, anashushwa ligi ya chini kwa Dakota Wizards. Wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu namna ile akawahi kushushwa. 2011 Memphis wakamtupia Houston, akapita Portland, akaenda Oklahoma City, 2014 NBA ikawa imeisha. Wastani wake pointi mbili na chenji kwa mechi. Curry wa saba huyo ana ubingwa mara nne. Tuache kumpamba mtu kwa sababu ni wa kwetu.

Mgebuka Mkavu
Wewe Mchambuzi umewahi hata kushika ringi? Watu milioni ngapi hapa nchini, amefika mmoja. Senta aliyemkuta pale Memphis ni Marc Gasol, kwenye ribaundi, kudaka mipira iliyokosa ringi, yupo Zach Randolph. Wewe ungepata dakika ngapi? Na chuoni kule Connecticut alikuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, misimu miwili mfululizo, 2008 na 2009, na 2009 timu ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani nzima. Baada ya NBA bado akacheza Japani na Taiwani. Analipwa kwa kuruka, wewe unachambua ukiwa kwa shemeji.

Mchambuzi wa Ng'ambo
Shemeji anaingiaje hapa? Kigoma mna hasira, samaki wengi kichwani.

Mgebuka Mkavu
Afadhali samaki. Nyie mnakula matobolwa, viazi vikavu, mpaka mnawaza kwa kutafuna.

Reli ya Kati
Utani wa mikoa fungueni uzi wenu.

Binti Kibirizi
Mimi kikapu sikijui, hata sheria zake. Nachangia kwa sababu mmeuliza kilichokugusa, na langu halimhusu Thabeet. Ni yule Mkongo aliyecheza NBA, Dikembe Mutombo.

Alipofariki, 30 Septemba 2024, nilikuwa kwenye kibanda changu Kibirizi nasubiri mzigo wa dagaa. Kaka yangu akanipa simu, "Soma huyu jirani yetu wa ng'ambo." Nikasoma kwa sababu sina kazi. Urefu, bloku, kile kidole anachowatikisia wenzake kwamba hapa hupiti, yote napita tu. Nikafika kwa mama yake. Mama Biamba Marie aliugua nyumbani Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 90. Nchi imechafuka, usiku hairuhusiwi kutoka, njia zimefungwa. Hakufikishwa hospitali, akafia hapo hapo nyumbani. Mtoto yuko Marekani na mamilioni yake. Hapo mikono ikaanza kunitetemeka.

Kwetu ni mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza, kijiji ambacho ukitaka mjini unapita majini. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma. Mama alikuwa anaanua dagaa jioni, tukasikia ungo umeanguka. Kufika, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelegea, macho yanatuangalia tu. Nesi wa zahanati akamshika shika, akasema huyu ni wa mjini, hapa sina cha kumsaidia. Tukaenda kwa mwenye boti. Mwenye boti anatazama ziwa, anasema kwa mawimbi haya sitoki. Petroli nayo nusu dumu. Mdogo wangu akazunguka kwa wavuvi kuazima, huyu lita mbili, yule chupa ya soda.

Tukamlazimisha mwenye boti, tukatoka. Hatukufika popote. Maji yanaingia, kijana anayachota kwa kidumu kilichokatwa, mama kalala kwenye mkeka, nimemfunika turubai, na ule mkono wake mzima umeshika pindo la khanga yangu, haachii. Wimbi moja likatupandisha likatugeuza ubavu, mwenye boti akapiga kelele tunarudi. Tukarudi ufukweni.

Ule usiku sisimulii wote. Ziwani hakuna hata taa moja ya dagaa, maana hakuna aliyethubutu kutoka. Baba anashuka majini mpaka magotini, anasikiliza upepo, anarudi, hasemi. Baada ya muda anashuka tena. Mdogo wangu na mwenye boti wakashikana mashati, wakaachana, wakakaa pamoja wanavuta sigara moja. Kilichokuwa kinanila ni kwamba hospitali ipo. Madaktari wapo, dawa zipo, umeme upo, wote wako Kigoma mjini wamelala, na sisi tumekaa mchangani.

Alfajiri upepo ukapungua, tukaondoka. Mama alipona, Mungu mkubwa, ila maneno hayakurudi yote. Wajukuu wote anawaita Rehema, hadi wa kiume.

Sasa huyo Mutombo akajenga hospitali huko Kinshasa, vitanda 300, akaipa jina la mama yake. Ilifunguliwa 2007. Niliposoma hiyo sentensi nililia pale kibandani mpaka wateja wakadhani mzigo wangu umezama.

Kaka Gungu
Karanga nimeziweka pembeni. Pole sana dada.

Asali Mbichi
Rehema hadi wa kiume... nimecheka na kulia kwa pamoja. Mama anaendeleaje sasa?

Mchambuzi wa Ng'ambo
Pole dada, kwa moyo mmoja. Lakini mada ilikuwa kikapu. Tukianza habari za hospitali na maboti hatumalizi.

Mgebuka Mkavu
Huyu mtu vipi? Mutombo alicheza kabaddi?

Mzee wa Ujiji
Mchambuzi, kijana wangu, tulia ujifunze. Mutombo alikwenda Georgetown 1987 ili awe daktari. Ni kocha John Thompson aliyemwona na urefu ule akamvuta kwenye kikapu. Kwa hiyo ile hospitali haikutoka hewani, kijana alitoka kwao akiwaza dawa. Akacheza misimu 18, mlinzi bora wa NBA mara nne. Na ile 1994, Denver, timu yake, wameingia mtoano wakiwa wa nane, wakawatoa Seattle walioongoza, kipenga kimelia yeye kalala chini chali, mpira kaukumbatia juu kwa mikono miwili, anacheka peke yake kama mtoto. Sisi huku tuliona picha tu kwenye magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari, lakini tuliona.

Binti Kibirizi, mama mtafutie mazoezi ya viungo, yapo hospitali ya mkoa. Usikate tamaa hata kama muda umepita.

Mkasulu
Nilifundisha miaka ya nyuma kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Watoto wa Kikongo wakidaka mpira wa miguu, golikipa anasimama anatikisa kidole kwa wapinzani. Nikamuuliza mmoja umejifunza wapi, akasema baba. Baba naye hajawahi kuona NBA. Sijui kidole kile kilivukaje ziwa.

Mama Mdogo wa Kiloleni
Binti, mchue kwa mafuta ya mawese ya moto na tangawizi. Shangazi yangu alipona.

Nesi Mstaafu
Tafadhali msimchome mama wa watu na mafuta ya moto. Upande uliopooza unaweza usisikie joto, ataungua bila kujua. Kipimo cha presha na dawa zake kila siku, hicho ndicho cha kwanza.

Binti Kibirizi
Asanteni. Presha anapimwa, dawa anameza kwa ugomvi. Mazoezi anakwenda. Juzi kamtukana dereva bodaboda sentensi nzima iliyonyooka, tukashangilia.

Asali Mbichi
Hayo ndiyo maendeleo!

Reli ya Kati
Nimefungua uzi wa kikapu nikapata zaidi. Binti, mama apewe salamu za Tabora. Sasa nirudi kwa dogo, maana usiku huu karuka kagusa kenchi kaangusha buibui na vumbi lote kwenye mboga. Nimruhusu aendelee au?

Mwalimu wa Zamu
Mruhusu, ila shule kwanza. Skolashipu za kule hawakupi kwa urefu tu, wanaangalia na matokeo. Kiingereza akikazanie sasa hivi.

Mgebuka Mkavu
Mpeleke Dar haraka. Huko mkoani ataishia kuangua maembe.

Senta Mstaafu
Asipelekwe popote kwanza. Mtoto akirefuka ghafla magoti yanauma, akirushwa rushwa kwenye saruji ataharibika. Mimi goti la kulia linanitabiria mvua. Na asimbandikie picha ya mtu yeyote ukutani mwalimu wake, amwache acheze.

Mama Mdogo wa Kiloleni
Maziwa. Na ajining'inize kwenye mwembe.

Mwalimu wa Zamu
Kujining'iniza hakurefushi, mama.

Mama Mdogo wa Kiloleni
Wewe una urefu gani mpaka ubishe?

Kaka Gungu
Swali hilo mwalimu hajibu.

Mchambuzi wa Ng'ambo
Mimi nasema afundishwe kupiga mpira wa mbali. Zama za senta wa kusimama chini ya ringi zimepita, Thabeet mwenyewe zilimpitia pale pale. Hilo nalo mtanitukana?

Mgebuka Mkavu
Hilo umesema kweli. Mara ya kwanza tangu nikujue.

Reli ya Kati
Nashukuru wote. Tatizo la haraka ni viatu, keshafika namba 47 na hajamaliza kukua. Hapa Tabora nimezunguka sijapata, muuzaji mmoja kaniambia nimshonee.

Mkasulu
Kigoma ngumu pia. Jaribu mitumba ya Mwanza, Mlango Mmoja, uende asubuhi belo zikifunguliwa.

Senta Mstaafu
Mimi nina pea ya 49, nilinunua ukubwani kwa hasira, sijacheza nayo hata mechi moja kwa sababu ya goti. Ajaze soksi mbili mpaka mguu ufike. Niko Urambo, elfu sitini.

Reli ya Kati
Arobaini.

Senta Mstaafu
Hamsini na tano, na kamba mpya juu yangu.

Asali Mbichi
Mzee mpe dogo bure, na vile ulivyobebwa mgongoni!

Senta Mstaafu
Aliyenibeba alinidai soda. Hamsini, mwisho. Nauli ya basi juu yako.