Mjadala: Dawa na mahubiri yakija kwa mashua moja, mgonjwa wa kisiwani ana hiari gani?

Salaam ndugu zangu.

Jana barazani, karibu na soko la samaki hapa Bagamoyo, tulizozana mpaka taa zikawashwa. Kijana mmoja alituonyesha kwenye simu mke na mume wamisionari wanaozunguka kwa mashua visiwa vya mbali vya Vanuatu, kule Pasifiki. Wanashusha dawa, miwani na Biblia. Mzee wetu mmoja akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waacheni." Nusu ya baraza ikamuunga mkono. Mimi nilikataa, na sababu zangu nazileta hapa mnipinge.

Sina ugomvi na mahubiri. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Kinachonisumbua ni hilo neno hiari. Hapa mjini mhubiri akifunga spika zake uwanjani, ukichoka unaondoka zako. Kisiwani unakwenda wapi? Mwenye chombo ni mgeni, mwenye dawa ni mgeni, na kesho alfajiri anang'oa nanga.

Hili nimeliona kwa macho. Zamani nikienda dago, kambi ya wavuvi, upande wa kusini, mwenzetu alishikwa na homa kali, na kusi imechafua bahari, hakuna wa kuvuka. Ikaja boti ya watu wa dini wana dawa. Tukakalishwa mchangani, tukahubiriwa karibu saa nzima, ndipo sanduku likafunguliwa. Muda wote huo mgonjwa yuko juu ya mkeka anatetemeka. Hakuna aliyetulazimisha kwa neno, lakini nani angenyanyuka? Alipona, namshukuru Mungu, na dawa ilikuwa dawa kweli. Ile saa moja bado inaniuma.

Barazani walinitajia historia yetu wenyewe. Ni kweli, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868 walikomboa watoto waliotoka utumwani, wakawapa makazi na shule. Wema ule siupunguzi. Ila mtoto aliyetolewa mnyororoni, hajui hata kwao ni wapi, angesema "ubatizo sitaki" akalale kwa nani?

Na huko huko Vanuatu, mwaka 1861, surua iliingia na meli za wafanyabiashara, watu wakapukutika. Kisiwani Erromango lawama ziliwaangukia mke na mume wamisionari, George na Ellen Gordon, wakauawa. Ilikuwa dhuluma tupu. Lakini kwa mtu wa kisiwani, aliyekuwa akizika kila siku, meli za wageni zilikuwa na tofauti gani?

Ninachotaka mimi ni kidogo: sanduku la dawa lifunguliwe kwanza, mhudumu wa afya wa kisiwa akiwepo. Mahubiri yawe jioni, atakaye aje.

*Muuguzi, Pangani:*
Kaka, shikamoo. Nimekusoma mpaka mwisho na nakupinga. Wale watu wa Vanuatu umewafanya kama watoto. Wengi wao ni Wakristo tangu mababu, na miongoni mwa walimu wa kwanza kushushwa huko, Tanna mwaka 1839, walikuwa Wasamoa, watu wa visiwani wenzao. Hao wageni huenda wanaalikwa na makanisa ya wenyeji. Wewe uliye Bagamoyo umewaonea huruma bila kuwauliza. Halafu niambie: wakizuiwa hao, boti ya nani itakwenda?

*Nahodha mstaafu, Tanga:*
Mtu akizama humuulizi dini, unamvuta. Akishakauka nguo ndiyo mazungumzo. Huyu wa Bagamoyo hakusema wazuiwe, msomeni vizuri.

*Mwanzisha mjadala:*
Marahaba dada. La Wasamoa umenipata, na kweli sikuwauliza wenyewe. Kama kanisa la kisiwani ndilo lililoalika, basi kwa Wakristo wake neno langu linapungua uzito. Nabaki na yule mmoja asiye wa kanisa hilo, mwenye mtoto anayeharisha. Kisiwa kidogo, kila jicho linamwona amekaa au ameondoka. Naomba nikuulize kwa heshima, maana uliwahi kuandika kwamba unafanya kazi zahanati ya dini: asubuhi mnapoanza kwa sala, mgonjwa asiye wa dini yenu hufanyaje?

*Muuguzi, Pangani:*
Hukaa nje chini ya mwembe mpaka tumalize. Mara nyingine nusu saa. Sijawahi kutoka kumwangalia kama ana homa.