Korea Kusini wamechukua tena ubingwa wa dunia wa League of Legends, ile gemu ya kompyuta ya timu kwa timu: nyie mnaangalia kwa moyo gani?

Mchungwa_11 ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Naomba nitoe la moyoni, halafu mnijibu bila matusi.

Mimi ni mtu wa Fnatic, timu ya Ulaya. Niliwapenda kwa sababu ya kizembe tu: nilisoma kwamba ndio mabingwa wa dunia wa kwanza wa League of Legends, 2011 kule Sweden, nikadhani nimeingia ukoo wa washindi. Kumbe nimeingia familia inayokaa matanga kila mwisho wa mwaka. Tangu siku ile Ulaya haijagusa kombe. Mashindano 15 mpaka 2025: Korea Kusini 10, China 3, Taiwan 1, na sisi lile moja la 2011, ambalo tukisema ukweli hakukuwa na timu hata moja ya Korea. Mtu akinitania kwa hilo huwa sina jibu.

Kidonda changu ni 2018. Mashindano yalikuwa kwao Wakorea, fainali Incheon, na timu zao zote tatu zilitolewa kabla ya nusu fainali. Nikasema mwaka ndio huu, mwenye nyumba hayupo. Fnatic wakafika fainali, wakapigwa 3-0 na Invictus Gaming ya China. Haya. 2019 G2, nao wa Ulaya, wakawatoa SKT ya Korea (hao hao T1 wa leo) nusu fainali Madrid. G2 siwapendi, lakini wiki ile kila mtu wa Ulaya alikuwa G2. Wakaenda Paris, wakapigwa 3-0 na FunPlus Phoenix, nao wa China.

Sasa tazameni majina. Invictus walikuwa na TheShy na Rookie. FunPlus walikuwa na GimGoon na Doinb. EDG waliochukua 2021 walikuwa na Scout na Viper. Wote sita Wakorea. Yaani hata mwaka ambao Korea haishindi, Mkorea anashinda!

Fainali ya 2025 ilikuwa Chengdu, T1 na KT Rolster. Nchi ya China, ukumbi wa China, jukwaani timu mbili za Korea. Mdogo wangu akapita nyuma yangu akauliza nani anacheza na nani. Nikamwambia Korea na Korea. Akasema, "Basi wameshinda," akaenda zake. Mimi nikabaki. Nikaangalia mechi zote tano, laptopu nimeiegemeza kwenye kamusi ili waya wa chaji usichomoke, na kwenye mechi ya tano nilikuwa nimeushika waya wenyewe kwa mkono.

Ndiyo maana nauliza. Sina timu pale, sina nchi pale, mshindi nilishamjua. Nilikuwa nashika waya kwa ajili ya nini? Nyie mnafurahia, mmezoea, au mnangoja waanguke kama mimi?

———

mnara_wa_kwanza:

Mimi nangoja waanguke tangu 2013, wakati huo sina hata ndevu. 2018 nilisherehekea kwa siku mbili mpaka mtu akanitajia hao TheShy na Rookie. Asante kwa kunikumbusha tena, Mungu akuone.

———

mzee_wa_zerg:

Nyie wa League mnalia mapema. Sisi wa StarCraft, gemu nyingine ya kompyuta, ndio tulikaa jangwani.

Mwaka 2000 Mkanada mmoja, Guillaume Patry, alichukua ligi kubwa ya televisheni ya Korea akiwa kwao hao hao. Tukasema mlango umefunguka. Kwenye StarCraft ile ya kwanza hakupita mwingine. Ilifika mahali hata lugha yetu ikakubali kushindwa: dunia nzima, mchezaji yeyote asiye Mkorea tulimwita "mgeni". Mfini akicheza Finland, mgeni. Mmarekani akicheza California, mgeni. Fikiria mtu anaitwa mgeni sebuleni kwa mama yake, na sisi mashabiki ndio tuliolitumia neno hilo bila kuona ajabu.

Mpaka Novemba 2018, StarCraft II, fainali ya dunia kule Anaheim. Serral wa Finland anampiga Stats wa Korea 4-2. Mgeni wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mfumo ule. Mke wangu alidhani kuna mwizi. Baadaye 2023 kule Katowice Mchina Oliveira, ambaye hakuna aliyemweka hata kwenye utabiri wa mzaha, akamfunga Maru wa Korea 4-1. Nakumbuka vizuri fainali hizo mbili kuliko ubingwa wote wa Wakorea niliouona, na niliuona mwingi. Sasa jiulize ingekuwaje kama wangekuwa wanashinda kila mtu kwa zamu. Ungeikumbuka?

Kuhusu kwa nini ni wao, naona watu wanapenda kusema "wana vidole vya haraka", kama vile wanazaliwa navyo. Upuuzi. Kama ni vidole, mbona kwenye gemu ya Counter-Strike hawajawahi kuchukua taji la Major, mashindano yake makubwa kabisa? Mbona The International, ubingwa wa dunia wa gemu ya Dota 2, hakuna timu ya Korea iliyowahi kuubeba? Vidole ni vile vile. Wanatawala pale walipojenga, basi.

Na walijenga kwa ajali, nusu yake. 1997 uchumi wa Asia ukaanguka, watu wakapoteza kazi, baadhi ya waliobaki na akiba wakafungua vyumba vya kompyuta, wenyewe wanaviita PC bang. 1998 StarCraft ikatoka. Intaneti ya kasi ikasambazwa wakati nchi nyingi bado tunasikiliza modemu ikilia. Kijana analipia saa moja anakaa katikati ya vijana wengine arobaini, akipoteza kila mtu ameona. Kufika 2000 kuna chama cha wachezaji wa kulipwa, kuna chaneli ya televisheni inayorusha gemu tu, na baadaye kampuni kubwa za simu na elektroniki zikawa na timu. Wachezaji wanakaa nyumba moja, kocha yupo, kuna wachezaji wa akiba ambao kazi yao ni kumfanyisha mazoezi yule mkubwa mpaka ajikojolee. Samahani kwa lugha.

League ilipoingia kule ilikuta nyumba imeshajengwa, ikahamia na virago vyake. Ongeza hili: nchi ni ndogo, seva ni moja, na karibu kila aliye hodari yuko humo usiku ule ule. Ukipanda juu unakutana na wale unaowaona kwenye televisheni. Ndiyo maana timu za Ulaya na Marekani kabla ya mashindano makubwa hufunga safari kwenda Korea kufanya mazoezi kwenye seva yao. Unaenda kuomba maji kwa jirani unayetaka kumshinda.

Na kabla hamjasema serikali iliwalea: kuanzia 2011 walikuwa na sheria ya kuwazuia watoto chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Waliamua kuifuta 2021. Katikati ya miaka hiyo walichukua ubingwa wa dunia mara tano mfululizo, 2013 mpaka 2017. Mtoto amelazwa kwa sheria na bado anakupiga.

———

sapota_tu:

Kaka Mchungwa, mimi ni T1, kwa hiyo nipunguzieni mawe.

Mnapoandika "Korea" mnafanya kama ni timu moja yenye jezi moja. Mwambie shabiki wa KT kwamba nchi yake imeshinda 2025 uone atakavyokutazama. Ilikuwa fainali yao ya kwanza ya dunia, wakaongoza 2-1, wakapoteza 3-2. Kwake hiyo ni furaha ya taifa? Kule mashabiki hawana huruma hata na timu zao wenyewe: wakikasirika wanakodi lori lenye skrini kubwa, wanaandika malalamiko, lori linaegeshwa mbele ya ofisi ya timu. T1 wameletewa malori hayo zaidi ya mara moja.

Mimi sikuanza kwa ushindi. Nilianza 2017, Beijing, uwanja wa Bird's Nest, Faker, nyota wa T1 (wakati huo SKT), amefungwa 3-0 na Samsung Galaxy, Wakorea wenzake. Kamera ikamkuta ameinamia meza analia, wenzake wanavua vipokea sauti, yeye hainuki. Sikujua hata sheria za mchezo. Nilimuuliza kaka yangu huyu mtoto ana nini, akaniambia huyo ndiye bora duniani. Basi nikangoja naye. Miaka sita! 2022 kule San Francisco walipoteza 3-2 kwa DRX, timu nyingine ya Korea iliyoanzia mchujo wa awali, na mwenye kombe ni Deft wao, aliyesoma na Faker shule moja ya sekondari, Mapo. Ile nayo utaiita Korea kumshinda nani?

Kombe lilirudi 2023. 2024 London wako nyuma 2-1 dhidi ya BLG ya China, Faker ana miaka 28, anacheza na mhusika Sylas mechi ya nne, Galio mechi ya tano, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali juu. Mimi niliona mtu mmoja niliyemwona analia. Bendera sikuiona.

———

mnara_wa_kwanza:

Dada, umeandika vizuri mpaka nimekasirika.

———

Mchungwa_11:

Nimesoma zote. Mzee, hilo la "mgeni" limenikaa vibaya, maana nami nimelisema miaka mingi bila kufikiri.

Dada sapota, nakupa nusu. Kumpenda Faker naelewa, hata sisi tunampenda kwa siri, kama unavyompenda baba mkwe mkali. Lakini wewe uliyemngoja miaka sita ulikuwa na mtu wa kumngoja anayeweza kurudi. Mimi nangoja tangu 2011. Ni ngojea ya aina nyingine hiyo, usiifananishe na yako.

Ila nimejijibu kidogo kuhusu ule waya. Nadhani nilikuwa nataka KT washinde. Sina sababu. Hawakuwahi kuchukua, wako mbele 2-1, na kwa dakika kadhaa nikasahau wanatoka wapi.

Mdogo wangu amepita tena sasa hivi, ameona naandika, ameuliza kama Fnatic wanacheza leo. Nimemwambia hapana. Amesema afadhali.