Naomba ushauri: Nimeona onyesho la PlayStation, je, niuze PS4 zangu mbili za banda ninunue PS5 moja?

Mwenye Banda (Mtwara)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninaendesha banda la gemu mtaa wa Chuno, nina PS4 mbili, televisheni mbili na mabenchi matatu, na kwa miaka miwili banda hili limenilisha bila kunitajirisha. Juzi Jumatano, tarehe 24 Mei 2023, tuliangalia moja kwa moja onyesho la michezo mipya la Sony, wenye PlayStation, banda likiwa limejaa watoto waliotoka shule, na tangu hapo sijapata usingizi.

Tulivumilia zaidi ya saa nzima ya trela, nyingine zisizoonyesha hata sekunde moja ya mchezo wenyewe. Marathon ya kampuni ya Bungie ilikuwa rangi na muziki tu, na Metal Gear Solid iliyotengenezwa upya ilikuwa msitu na wanyama wake, bila tarehe ya kutoka. Mwisho kabisa ukaja Spider-Man 2, mchezo wa yule mtu-buibui. Peter Parker, buibui mwenyewe, amevaa ile nguo nyeusi na anapiga watu kwa hasira ambayo hatukuwahi kumwona nayo, kisha mchezo unamhamia buibui wa pili, Miles Morales, anafungua mbawa chini ya mikono na kuteleza juu ya mto wakimfukuza adui anayeitwa Mjusi. Watoto walisimama juu ya mabenchi. Mchezo utatoka kabla ya mwaka kuisha, na utatoka kwa PS5 peke yake.

Swali langu ni hili: niuze PS4 zote mbili ninunue PS5 moja sasa, ili banda langu liwe la kwanza mtaani, au nisubiri mchezo utoke? Naomba hoja, si kejeli.

Pedi Mbili (Lindi)

Mdogo wangu, nina banda Lindi tangu enzi za PS2, kwa hiyo nakujibu kwa hesabu. Banda halilishwi na picha nzuri, linalishwa na pedi mbili. Vijana wawili wanacheza mpira, anayefungwa analipa shilingi 500, na baada ya robo saa wanakaa wengine. Kwa mashine mbili unapata takribani 4,000 kwa saa benchi likiwa limejaa. Spider-Man anachezwa na mtu mmoja. Atakaa hapo akimaliza hadithi yake, na wenzake kumi watamtazama bure huku wakimfundisha namna ya kuruka. Katika onyesho zima uliloliona, mpira ulikuwa wapi?

Mwaka fulani nilihamishia banda Nachingwea kwa msimu wa korosho, nikaweka mchezo mmoja wa hadithi ambao kila mtu alikuwa akiusifu. Kijana mmoja aliuanza Jumatatu akaumaliza Ijumaa, akanilipa kwa mkopo ambao hadi leo naudai, na wateja wangu wa mpira walikuwa wamekwisha kuhamia kwa jirani. Kama unataka kitu kipya, tarehe 2 Juni unatoka Street Fighter 6, upo pia kwa PS4, na ule ni wa watu wawili.

Mzee wa Newala

Mimi sina ujuzi wa mashine hizo, lakini nimesoma mahali pameandikwa "watoto waliotoka shule" na moyo wangu ukashtuka. Mtoto anayetoka darasani na kuingia bandani, daftari lake analifungua saa ngapi? Ungekuwa mwanangu ningekushauri uuze vyote, televisheni zikiwemo, ununue cherehani.

Msomaji wa Usiku

Shikamoo mzee, lakini swali halikuwa hilo. Swali la msingi ni kama trela inaweza kuaminiwa. Maonyesho haya ya kampuni yamezidi kuwa na nguvu kwa sababu yale maonyesho makubwa ya gemu ya Marekani, E3, yamefutwa kwa mwaka huu tangu Machi, na sasa kila kampuni inasimama jukwaani peke yake bila jirani wa kulinganishwa naye. Historia yake haitii moyo. Mwaka 2005 Sony ilionyesha Killzone 2 watu wakidhani wanaona mchezo halisi, baadaye ikajulikana kwamba ilikuwa filamu iliyotengenezwa kando, na mchezo wenyewe ukafika 2009. Ubisoft ilionyesha Watch Dogs mwaka 2012 ikiwa na mvua na taa za kustaajabisha, ikatoka 2014 ikiwa imepungua mwanga. Cyberpunk 2077 ilitangaziwa tarehe na mwigizaji Keanu Reeves mwenyewe jukwaani Juni 2019. Ikaahirishwa hadi tarehe 10 Desemba 2020, ikawa mbovu mno kwenye PS4 hata Sony ikaiondoa katika duka lake la mtandaoni ndani ya siku chache, na haikurudi hadi Juni 2021.

Hata hivyo, nawatetea Insomniac, watengenezaji wa Spider-Man. Mwaka 2018 watu waliwashutumu kwamba vidimbwi vya maji vilivyoonekana kwenye trela ya Spider-Man ya kwanza vimepunguzwa; mchezo ulipotoka ukawa mzuri kama walivyoahidi, nao baadaye wakaongeza stika za vidimbwi ili mchezaji abandike mwenyewe kwenye picha zake. Kwa hiyo yaelekea Spider-Man 2 itafanana na ulichokiona. Kama itakulipa, hilo ni jambo jingine, na Pedi Mbili amekwisha kulijibu.

Binti Mikindani

Nina swali moja fupi kwa mleta uzi. PS4 mbili zilizochoka kwa kazi ya banda hazizidi laki tisa zote pamoja. PS5 sasa ni zaidi ya hapo. Tofauti inatoka wapi?

Mwenye Banda (Mtwara)

Tofauti nimekwisha kuipangia. Naomba tujikite kwenye suala la kibiashara. Nimepata kijana wa Kariakoo mwenye bei ya milioni moja na laki nne, ilhali wengine wanauza milioni moja na laki sita na nusu.

Pedi Mbili (Lindi)

Laki mbili na nusu pungufu? Ina sehemu ya kuingiza CD, au ni ile nyembamba isiyo nayo?

Mwenye Banda (Mtwara)

Haina. Lakini siku hizi kila kitu kinapakuliwa, kaka.

Pedi Mbili (Lindi)

Basi soma taratibu. CD zako zote za PS4, ukiwemo huo mpira unaokulisha, haziingii kwenye mashine hiyo. Utazigeuza vioo vya kunyolea. Kila mchezo itabidi uununue upya mtandaoni kwa kadi, kisha uupakue, na michezo ya sasa ni makumi ya gigabaiti. Kwa bando gani? Ndani ya boksi kuna pedi moja tu. Pedi zako za PS4 zitakubali michezo ya PS4 ndani ya PS5, lakini mchezo wa PS5 wenyewe utazikataa, kwa hiyo ongeza gharama ya pedi ya pili. Na ukiuza zote mbili, wateja wanne wanaocheza kwa wakati mmoja wanakuwa wawili. Sijui ni hesabu ya shule gani.

Tena hujamjibu Binti Mikindani.

Binti Mikindani

Nami sijaondoka.

Mwenye Banda (Mtwara)

Sawa, naeleza. Laki tano nimekwisha kuzituma kama malipo ya awali. Fedha hizo ni za mama yangu, aliyenipa nimtunzie. Yupo Tandahimba, ana ekari sita za mikorosho. Dawa ya salfa ya ruzuku alikwisha kuandikishwa. Fedha ilikuwa ya kukodi mashine ya kupulizia, petroli na vibarua. Kabla hamjanirukia, naomba mzingatie kwamba upuliziaji unafuata maua, na maua hayajaanza, kwa hiyo fedha ingelala bure wiki kadhaa. Nilikusudia kuirudisha kabla ya mwezi wa saba kutokana na mapato ya PS5 yenyewe. Hilo si wizi, ni mzunguko.

Mzee wa Newala

Nilisema cherehani, sasa nasema zaidi. Mwanangu, ugonjwa wa ubwiriunyevu hausubiri mzunguko wako. Maua yakishashikwa na ule unga mweupe bila salfa, korosho hazifungi, na mama yako hatakuwa na kitu cha kupeleka ghalani Oktoba. Hasara ya wiki mbili za Juni na Julai utaiona mnadani. Hayo nimeyaishi miaka arobaini, na hakuna trela iliyonionyesha.

Binti Mikindani

Mama akiambiwa kwamba mwanawe wa mjini amemnunulia buibui kwa laki tano atashukuru sana na kuita majirani, mpaka auone kwamba ni wa kwenye televisheni. Lakini tusimlaumu mno. Huenda anakusudia kumpeleka huyo buibui Tandahimba akapulizie mikorosho, maana anapanda bila ngazi na hadai posho ya kibarua.

Hakiki Kwanza

Wanajamvi, nawaomba radhi kwa kuharibu mazungumzo matamu, lakini nadhani tunanyweshwa chai. Mleta uzi ameandika kwamba waliangalia onyesho moja kwa moja, banda likiwa limejaa watoto waliotoka shule. Tangazo la Sony lilisema saa saba mchana kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Sisi tuko mbele yao kwa saa kumi. Onyesho lilianza hapa saa tano usiku. Ni shule gani ya Mtwara inayotoa watoto saa tano usiku? Mtu huyu ametunga banda, ametunga mama, na nashuku hata hiyo mikorosho.

Msomaji wa Usiku

Hesabu ya saa ni sahihi, nami niliangalia usiku huohuo nikiwa kitandani. Nimeona aibu kidogo kwa kutoligundua mapema.

Pedi Mbili (Lindi)

Mdogo wangu, jibu hilo. Nimekuandikia aya tatu kwa kidole kimoja.

Mwenye Banda (Mtwara)

Sikutunga mama, sikutunga mikorosho. Nilipindisha mpangilio.

Ukweli ni kwamba Jumatano usiku nilikuwa peke yangu bandani, mlango umefungwa, naangalia kwa simu. Spider-Man 2 ilipoanza, nikamwona Peter katika ile nguo nyeusi kwa dakika moja labda, bando likaisha. Usiku kucha nilikuwa naumalizia mchezo ule kichwani. Alhamisi saa mbili asubuhi nilituma laki tano. Mchana ndipo nilipoweka bando, nikapakua trela yote, nikaiunganisha na televisheni, na watoto wakaja kuiona walipotoka shule. Hapo ndipo waliposimama juu ya mabenchi. Vijana kumi na wawili walinipa elfu moja kila mmoja kushika zamu, nami nikazipokea.

Niliandika kana kwamba watoto ndio walionishawishi kwa sababu ilikuwa vigumu kuandika kwamba nilituma fedha ya mama kabla hata sijaiona trela hadi mwisho.

Hakiki Kwanza

Hii naiamini. Hakuna anayejitungia aibu ya namna hii. Naondoa kauli yangu kuhusu mikorosho.

Binti Mikindani

Elfu kumi na mbili za watoto zirudi kwanza, leo jioni, kwa majina. Hilo liko ndani ya uwezo wako. Kisha mpigie kijana wa Kariakoo.

Mwenye Banda (Mtwara)

Nimempigia. Anasema atarudisha laki nne na kubaki na moja kwa usumbufu, au niongeze laki mbili na nusu anipe yenye sehemu ya CD, na niamue ndani ya wiki. Nakiri kwamba hiyo ya pili inanivuta. Nikiuza PS4 moja tu badala ya mbili na kukopa kidogo kwa rafiki, bado ningekuwa na mashine mbili.

Pedi Mbili (Lindi)

Umeanza tena. Spider-Man 2 haina hata tarehe kamili. Walichosema ni baadaye mwaka huu. Ukinunua sasa, miezi yote hiyo PS5 yako itachezesha mpira uleule unaochezeshwa na PS4. Chukua laki nne leo, kabla hajazilalia. Laki iliyopotea tutaifidia kwa njia nyingine: mashine yangu ya kupulizia iko kwa shemeji Mtama, haina kazi wiki mbili za kwanza za Julai. Ukiifuata mwenyewe sikudai kodi; petroli na vibarua ni juu yako.

Mwenye Banda (Mtwara)

Laki nne zimeingia saa tisa na nusu. Watoto kumi wamerudishiwa, wawili hawajaonekana mtaani. Trela nimeiangalia tena mchana, mara moja tu, pamoja na sehemu ya Mjusi.

Kaka Pedi Mbili, nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Hiyo mashine inakula lita ngapi kwa ekari?