Laki moja na ishirini: nibadilishe kamera au kompyuta?

Chozi_wa_Kasarani

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla pesa haijaota miguu.

Mimi ni mwalimu. Picha napiga kwa kujifurahisha tu, silipwi na mtu. Napiga ndege. Likizo zikifika huwa naenda na wale wa Nature Kenya wanaotembea Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho, na wikendi niko Karura au Arboretum. Nina Canon 600D niliyoinunua mtumba, lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na EF-S 55-250 STM. Kompyuta ni HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8GB, diski ile ya kuzunguka ya 500GB. Lightroom, programu ninayohaririia picha, ikianza kufungua folda ya asubuhi moja, naenda kuchemsha chai, nainywa, naosha kikombe, nakuta bado inafungua.

Zamu yangu ya chama cha kuchangiana imefika, na baada ya karo nimebaki na 120,000. Malalamiko ni matatu. Msituni asubuhi kuna giza, napandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200 au 6400 na picha inajaa chenga, vile vipunje-punje. Ndege wako mbali. La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: nilichapisha kalenda ya picha zangu kwenye duka moja mjini, zikatoka nyeusi. Kwenye skrini zinang'aa, kwenye karatasi hondohondo wangu amekuwa kunguru. Mwenye duka anasema faili ndizo mbovu.

Rafiki mmoja anasema niuze kila kitu ninunue Canon 6D ya fulu-fremu, yaani yenye sensa kubwa, kompyuta ivumilie. Mwingine anasema MacBook Air M1 na mengine yatajipanga. Mnasemaje?

Kalameni

Niwekee hiyo laki nikushikie. Utafikiria vizuri zaidi ukiwa huna presha.

DadaHarusi

Karibu sana mwalimu. Mimi natumia 6D kwa harusi, na kanisani ISO 6400 hainisumbui hata kidogo. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi, hakuna hadithi. Rafiki yako wa kwanza hajakosea.

BeiPoa254

5D Mark II ipo, safi kabisa, njoo inbox.

MzeeNegativu

BeiPoa, mibofyo ya shata, yaani picha ilizokwisha kupiga, imefika mingapi? Hiyo kamera ilitoka 2008, usituambie "safi" tu.

Mwalimu, mimi nilianzia Uhuru Park na kamera ya filamu, enzi za kumwandikia mteja risiti arudi wiki ijayo kuchukua picha yake. Kwa hiyo pesa ya kamera sina mzaha nayo. Kabla hujauza, tazama hivi. Hiyo 55-250 ni EF-S, imetengenezewa kamera za sensa ndogo. Kwenye 6D haikai kabisa. Ukiinunua 6D utakuwa na kamera nzuri isiyo na lenzi ya ndege.

Halafu sensa ya 600D inabana picha mara 1.6, kwa hiyo 250mm yako inafika pale mwenye fulu-fremu anapohitaji 400mm. Na wewe tayari unalia kwamba ndege wako mbali! Ukisimama palepale na 6D yenye lenzi ya 250mm, kisha ukate picha hadi ndege awe na ukubwa uleule, zile megapikseli 20 zinabaki kama 8. 600D ilikuwa inakupa 18. Na ukishakata hivyo, ubora wa gizani anaousifu DadaHarusi nao umeukata, maana zaidi ya nusu ya mwanga uliokusanywa umeutupa.

Tena 6D ina pointi 11 za kulenga na inapiga fremu 4.5 kwa sekunde. Ni kamera ya watu waliotulia. Bibi harusi haruki kutoka tawi hadi tawi.

DadaHarusi

Mzee, wengine huruka, hujaalikwa tu 😂

Kwa hilo la kukata nakubali, sikuwa nimewaza umbali. Lakini ndege akiwa karibu, akijaza fremu, fulu-fremu bado inashinda.

MzeeNegativu

Akiwa karibu, ndiyo. Muulize mwalimu ni lini hondohondo alimkaribia.

FundiSkrini

Mnapigania kamera na hakuna aliyegusa kalenda. Chozi, ukihariri, mwangaza wa laptopu unauweka kiasi gani?

Chozi_wa_Kasarani

Hadi mwisho. Meza yangu iko dirishani, nisipoweka juu sioni vizuri.

FundiSkrini

Basi muache mwenye duka, na kamera usiilaumu. Karatasi haina taa ndani yake. Skrini ikiwa juu kabisa, picha yenye mwanga mdogo inaonekana imejaa mwanga, nawe unaridhika au hata unaipunguza kidogo. Kinachofika dukani ni faili nyeusi kweli. Wanaohariri kwa ajili ya kuchapisha huweka skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba. Laptopu nyingi zikifika mwisho zinapita 200.

Kama huna kifaa cha kupimia, ondoka dirishani, washa taa ya kawaida ya chumba. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, shusha mwangaza mpaka vyeupe viwili vikaribiane. Kisha zoea kutazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha. Ikiwa mlima wote umelalia kushoto, picha ni nyeusi hata kama macho yako yanaapa sivyo. Na ukitoa faili za kupeleka dukani, toa kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida, isipokuwa wao wenyewe wamekuomba kingine.

Kuna jaribio lingine. Fungua picha ya huyo hondohondo. Laza mfuniko nyuma, kisha uulete mbele polepole ukimtazama ndege tu. Niambie unaona nini.

Chozi_wa_Kasarani

Nimefanya sasa hivi. Nikiuleta mbele, mgongo wake unakuwa wa rangi ya jivu na naona kila unyoya. Nikiulaza nyuma, mgongo unazama na jicho linapotea kabisa. Sasa pembe iliyo sahihi ni ipi?

FundiSkrini

Hakuna. Hiyo ni paneli ya TN, aina ya skrini inayobadilika ukiitazama kwa pembe tofauti. G3 ziliuzwa na paneli za aina kadhaa, na zile za bei ya chini zilikuwa hizo. Zilitengenezewa mtu wa kuandika barua ofisini. Ukikaa wima zaidi leo kuliko jana, umehariri picha tofauti.

Ushauri wangu: tafuta skrini ya nje ya IPS, aina isiyobadilika hivyo, inchi 24, ya mitumba. Zungukia maduka ya kompyuta za ex-UK pale Moi Avenue na Luthuli. Ukipata Dell UltraSharp U2415, hiyo ilikuwa inapimwa rangi kiwandani na inafikia asilimia 99 ya sRGB. Skrini ya miaka hiyo inaweza kuwa imechoka, kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe ukae nayo dakika kumi. Weka nyeupe tupu uone kama kona moja ina manjano, weka nyeusi tupu uone kama pembeni panavuja mwanga. Asiyekubali uijaribu, mwage.

G3 haina tundu la HDMI. Ina DisplayPort na VGA. Nunua waya wa DisplayPort. VGA usiiguse, picha inakuja na ukungu.

KipepeoK

Mbona mnamzungusha? M1, mwisho wa habari. Skrini yake yenyewe inazidi hiyo sRGB yenu, haina feni, betri inakaa mchana kutwa. Stima ikipotea yeye anaendelea kuhariri, na skrini yenu ya mezani imezimika.

FundiSkrini

Kuhusu stima umenishika. Kuhusu skrini pia, ile ya M1 ni nzuri kweli. Lakini nyingi za mitumba zina RAM 8GB, na kwenye mashine hiyo RAM imegandishwa, huongezi. SSD, ile diski isiyozunguka, vilevile. Akinunua ya 256GB, picha zake zitaijaza akitazama. Na mwalimu, ukiamua kufuata njia hiyo, usilipe kabla mashine haijafutwa na kuanzishwa upya mbele yako, ikiwa kwenye intaneti. Ikikuuliza akaunti ya mwenyewe wa zamani, au ikionyesha kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, rudisha simu mfukoni. M-Pesa ikishatoka hapo una sinia la alumini.

UbuntuMwitu

Lightroom ya nini? Darktable ni bure, inafungua faili za RAW, zile ghafi, za 600D bila shida, na hakuna dola inayokatwa kila mwezi.

Kalameni

Nilikuwa nangoja watu wa Linux, nikaona wamechelewa leo.

UbuntuMwitu

Tulikuwa tunasakinisha. Lakini kwa uzito kabisa: hiyo G3 ni kizazi cha sita, na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Akibaki na mashine hiyo, Linux si mzaha tena. Darktable itamchosha wiki za mwanzo, vitufe ni vingi kupita kiasi, hilo sikatai.

FundiSkrini

Hoja ya kizazi ni ya kweli. Mimi ningefanya hivi: G3 ipate SSD ya 1TB na RAM ifike 16GB, ina nafasi mbili kwa hiyo ni kuongeza kipande kimoja cha 8GB. Ile diski ya kuzunguka itie kwenye kasha la USB iwe ya nakala, na hapo usiwe na nakala moja tu. Siku mashine ikifa, skrini inabaki, SSD inahama, na unatafuta ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, ukihakikisha ni ya kizazi cha nane. Usitarajie ile kazi ya Lightroom ya kuondoa chenga kwa AI. Hiyo inataka kadi ya michoro, na hapo kwako picha moja itakula muda wa kipindi kizima cha hesabu.

Chozi_wa_Kasarani

Nimekupata Fundi. Sasa tuseme kompyuta na skrini zimekula chini ya nusu ya pesa. Mzee, iliyobaki niipeleke wapi? Na chenga zangu?

MzeeNegativu

Kwanza niambie, ndege aliyetua unampiga kwa kasi gani?

Chozi_wa_Kasarani

1/500 ya sekunde kwa kawaida. Akiruka napanda hadi 1/1600, na tundu la lenzi liko wazi kabisa.

MzeeNegativu

Hapo ndipo penye ISO yako, kasi kubwa inainyima kamera mwanga. Hiyo 55-250 ina kitulizo cha mtikisiko. Ndege aliyetulia tawini jaribu 1/200, piga nne tano mfululizo, moja itatoka kali. Umeshuka kutoka 6400 hadi karibu 2500 bila kununua chochote. Anayeruka mpigie nje ya msitu.

Kwa pesa iliyobaki, watu watakutajia 150-600 ya Sigma au Tamron. Ni lenzi nzuri, lakini ina karibu kilo mbili. Nani atakubebea hadi Karura na matatu mbili? Mimi ningekaa macho kwa Canon EF 400mm f/5.6L ya mitumba. Ilianza kutengenezwa 1993, haina kitulizo cha mtikisiko, na ina kilo moja na robo. Inalenga haraka, na kwenye 600D inakupa macho ya 640mm. Ubaya wake, kitu kilicho chini ya mita tatu na nusu haikioni, kwa hiyo ndege chozi wa kwenye ua la nyumbani utamrudishia 55-250. Na kwa sababu haina kitulizo, ile 1/200 niliyokupa isahau, labda uwe na monopodi.

DadaHarusi

Na kama lenzi haipatikani, mwili wa 7D Mark II? Fremu 10 kwa sekunde, pointi 65, na EF-S yake inakaa. Naona watu wanaziuza wakihamia kamera zisizo na kioo ndani.

MzeeNegativu

Dada leo umeongea. Ni wazo zuri kwa anayepiga ndege wa kuruka. Kwa chenga, atapata nafuu kidogo tu. Mwalimu analia umbali, mimi nabaki kwenye lenzi.

DadaHarusi

Mimi nabaki kwenye 7D. Lenzi ya kilo moja na robo bila kitulizo, chini ya miti ya Karura saa moja asubuhi? Tutaona.

Chozi_wa_Kasarani

Wadau, mrejesho. Nimeingia Moi Avenue Jumamosi. Skrini ya kwanza ilikuwa na manjano kona ya chini, ya pili iko sawa, nimeichukua. SSD na RAM fundi ameweka nikiwa nimesimama hapo. Nikamhariri hondohondo upya, mwangaza chini, nikarudi kwa duka lilelile nikaomba wachapishe picha moja tu ya kadi ndogo. Jicho lipo, na manyoya ya shingoni yanahesabika. Mwenye duka akaniuliza nimenunua kamera gani mpya.

Lenzi bado. Nimempata mtu Ngara mwenye 400 f/5.6, amekubali nikaijaribu. Nikague nini?

MzeeNegativu

Nenda na 600D yako na kadi yako. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi kama za buibui, hizo ni kuvu, ondoka hata akishusha bei. Vumbi dogo si neno. Zungusha pete ya kulenga uone kama inakwaruza. Kisha toka nje, lenga ubao wa duka ulio mbali, piga kumi kamera ikilenga yenyewe, uzikuze kwenye skrini ya kamera moja moja. Mbili zikiwa na ukungu si ajabu. Sita zikiwa na ukungu, mshukuru upande matatu.

DadaHarusi

Na mfuko uwe wa kawaida, ule wa sokoni. Usitembee Ngara na begi lenye jina la Canon mgongoni.

BeiPoa254

Ile 5D bado ipo.

MzeeNegativu

Mibofyo mingapi?