Jeraha la risasi: kwa nini tusilishone siku hiyo hiyo?

Muuguzi_Lindi:
Habari wadau. Shirika la misaada limenipa mkataba wa hospitali ya eneo la vita, nje ya nchi, wodi ya upasuaji. Maelekezo yao yanasema majeraha ya silaha yaachwe wazi na bendeji isifunguliwe wodini. Huku Lindi jeraha la panga likiwahi tunaosha, tunashona, kesho yake tunafungua kuangalia. Mantiki ni ipi?

Koleo:
Panga hukata. Risasi na vipande vya bomu hupasua, tena huburuta nguo na udongo hadi ndani. Tundu la juu laweza kuwa kama ncha ya kidole, chini yake nyama imekufa upana wa ngumi. Ukishona umeifungia pasipo hewa, na hapo ndipo pepopunda na gangrini ya gesi (nyama kuoza na kujaa gesi) hustawi. Vita ya 1914–1918 ilifundisha hilo Ufaransa, kwenye mashamba yenye samadi.

Daktari hupanua jeraha na kuondoa nyama mfu (iliyo hai hushtuka ukiibana na koleo, na hutoa damu), huosha kwa maji ya chumvi mengi, kisha huliacha wazi. Siku ya 4 au ya 5 mgonjwa anarudi thieta (chumba cha upasuaji). Likiwa safi ndipo linashonwa.

Kazi yako ni gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufunikia jeraha. Zikunjue, zitandaze kwa wepesi. Wengi hukosea hapa: wanazishindilia, zinageuka kizibo na majimaji yanabaki ndani.

Masasi_wodi3:
Nyongeza kuhusu kutofungua. Kila ukifungua wodini unaingiza vijidudu vya wodini na kung'oa utando mpya. Bendeji ikilowa, badilisha tabaka la nje tu. Harufu ya uchachu isikutishe. Ila maumivu yakizidi ghafla pamoja na homa, kukiwa na harufu ya kuoza, damu mbichi, au ngozi ikikwaruza kama kuna mapovu chini ukiibonyeza, mwite daktari usiku huo huo. Anafunguliwa thieta.

Uso na ngozi ya kichwa hushonwa mapema baada ya kusafishwa, kwa sababu damu hufika huko kwa wingi. Jeraha la kifua linalovuta hewa nalo halisubiri kuzibwa.

Muuguzi_Lindi:
Asanteni sana. Na klorini? Nimesoma kwamba zamani waliimimina jerahani.

Koleo:
Ni dawa ya Dakin, mkemia Mwingereza, aliyeshirikiana na daktari Mfaransa Carrel. Waliipitisha kwa mirija ya mpira kila baada ya saa 2, na mzigo ukawa wa wauguzi. Nguvu yake ilikuwa karibu 0.5%, lakini ilipunguzwa ukali kwa kemikali nyingine, na ngozi ya pembeni ilikingwa kwa gozi yenye vaselini. Usidhani ni ile 0.5% tunayolowekea vifaa kwenye ndoo. Hiyo huunguza nyama, ibaki kwenye ndoo.