Hita ya umeme plagi inachemka, naombeni ushauri

Wakuu habari, nina hita ya chumba ile ya feni ya bei chee, imeandikwa wati 2000 ila waya wake mwembamba kama wa chaja ya simu, ikiwaka nusu saa tu plagi inakuwa ya moto huwezi kuishika na pini moja imeanza kuwa nyeusi. Kwa volti 230 hapo inavuta karibu ampea 9, sasa waya ule utabeba kweli? Halafu nimeilaza makusudi haikuzima, wakati boksi linasema inajizima yenyewe ikianguka (labda swichi wameichora tu). Naichomeka ukutani moja kwa moja, situmii ekstensheni. Nibadilishe waya na plagi, au soketi ndo imelegea? Ama niitupe tu nichukue ile ya umeme yenye mafuta ndani? Na nyie mkienda kununua mnakagua nini, maana hata alama za ubora siku hizi wanabandika feki.