Nani hasa bingwa wa hoki ya barafuni? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Malindi

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Ijumaa hii, tarehe 21 Februari 2025, nilikwenda kusali alfajiri na simu nikaiacha nyumbani kwa makusudi. Kule Boston fainali ya mataifa manne kati ya Kanada na Marekani ilikuwa imeshaanza, na nilijijua kwamba nikiwa nayo mfukoni sala yangu haitatulia. Niliporudi nilikuta jumbe nyingi za mjomba wangu aliyeko Toronto, wa mwisho ukisema mambo ni mbili kwa mbili. Nikakaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho hatimaye sikukinywa. Katika muda wa nyongeza Wamarekani walimwandama mlinda mlango Jordan Binnington shuti baada ya shuti, naye akazuia yote, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa wakati Mitch Marner alipompa pasi Connor McDavid, ikawa 3-2. Nilipiga ukelele hadi jirani akatoka na kanga begani akiuliza nani amefariki.

Nimeishi Toronto miaka 11, na mchezo huu nilifundishwa na wapishi wenzangu jikoni. Kwangu mimi suala limekwisha: Kanada ina ubingwa wa dunia mara 28 na dhahabu 9 za Olimpiki kwa wanaume. Hata hivyo ushindi huu umenikumbusha usiku nisioutamani tena. Tarehe 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki ya Vancouver dhidi ya Marekani, tunaongoza 2-1, zimebaki sekunde 24, Zach Parise wao akasawazisha. Nilikuwa nimeshika sufuria ya mchuzi na sikumbuki niliiweka wapi. Sidney Crosby alipofunga katika muda wa nyongeza wenzangu walikumbatiana, mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la viazi na miguu imekufa ganzi. Naomba kila mmoja atueleze amelionea wapi taifa lililo bora kuliko mengine, na lini moyo ulimuuma zaidi.

Kijana wa Mkoani

Nakubaliana na mtoa mada kwa kila neno. Sekunde 24 zile hata mimi nilizionja.

Mwana wa Wete

Ndugu Mtoto wa Malindi, hongera kwa ushindi, lakini hesabu yako ina upungufu. Kanada imeanza kukusanya dhahabu tangu mwaka 1920, wakati mataifa mengi hayakuwa hata na uwanja wa barafu. Umoja wa Kisovieti uliingia katika mashindano ya dunia mwaka 1954, mara ya kwanza kabisa, na siku ya mwisho ukaifunga Kanada 7-2. Kutoka hapo hadi mwaka 1990 ulichukua ubingwa wa dunia mara 22 na dhahabu ya Olimpiki mara 7. Gawanya kwa miaka, kisha utuambie nani bora.

Nilisomea udaktari Minsk katika miaka ya themanini. Nyuma ya dakhalia yetu palikuwa na kiwanja kilichozungushiwa mbao, ambacho kila majira ya baridi majirani walikimwagia maji kwa mpira wa bomba usiku, na asubuhi kikawa kioo. Watoto wa miaka sita walicheza humo hadi giza, na mtoto aliyepiga kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, kwa nguvu badala ya kumpa mwenzake alikemewa na wazee waliokuwa wakipita na mikoba ya sokoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale watano wa timu ya Kisovieti, Fetisov, Kasatonov, Makarov, Larionov na Krutov, walikuwa wakicheza kama vidole vya mkono mmoja.

Siku iliyoniuma ni ya Septemba 1987. Fainali ya Kombe la Kanada, mashindano ya mataifa, kati ya Wasovieti na Kanada ilikuwa ya michezo mitatu. Wa kwanza tulishinda 6-5, wa pili tukafungwa 6-5. Asubuhi ya baada ya mchezo wa tatu niliteremka ngazi na kumkuta bibi aliyekuwa akilinda mlango wa dakhalia, ambaye kila siku alinikagua kama nimevaa kofia, akiwa ameinamia redio yake. Hakuniuliza habari ya kofia. Alisema tu, «Tena sita kwa tano, mwanangu,» na nilijua kwa sauti yake kuwa si sisi. Gretzky wa Kanada alikuwa amempa mwenzake Lemieux akafunga zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde 26.

Mtoto wa Malindi

Ndugu Mwana wa Wete, nakuheshimu, lakini na wewe umeacha nusu ya habari. Wachezaji wa Kisovieti waliitwa wa ridhaa kwa jina, ilhali wengi walikuwa na vyeo vya jeshi na kazi yao ya mwaka mzima ilikuwa hoki, huku Kanada ikizuiwa kupeleka wachezaji wake wa kulipwa. Ndiyo maana ilijitoa katika mashindano ya dunia mwaka 1970 na haikurudi hadi mwaka 1977. Walipokutana wakubwa kwa wakubwa mwaka 1972, michezo minane, Paul Henderson alifunga mjini Moscow zikiwa zimebaki sekunde 34, na Kanada ikamaliza kwa ushindi mara nne, kufungwa mara tatu na sare moja.

Mwana wa Wete

Na usiku wa kwanza wa michezo hiyohiyo, pale Montreal, ilikuwa 7-3 kwa Wasovieti, mbele ya watu waliokuja kutazama mteremko. Mwaka 1981, fainali ya Kombe la Kanada, Montreal vilevile, Gretzky akiwemo, ilikuwa 8-1. Mimi sikuandika haya ili kugombana. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba Wasovieti waliwafunga watoto tu.

Jirani wa Mlandege

Ndugu zangu, pozeni. Mnaposema Wasovieti, mataji hayo mnampa nani leo? Urusi? Belarusi? Ukraine? Mashindano ya dunia yanahesabu Urusi mara 5 peke yake. Nchi iliyokufa haiwezi kuwa bingwa wa leo.

Mwana wa Wete

Ubora haufi na bendera, ndugu yangu. Tunazungumzia nani alicheza vizuri zaidi.

Nahodha wa Matemwe

Mimi sikusoma ng'ambo na barafu ninayoijua ni ya kuhifadhia samaki, lakini niruhusuni niseme neno juu ya Ufini.

Tarehe 20 Februari 2022 nilikuwa na wageni sita wa Kifini wa kuwapeleka kisiwa cha Mnemba. Tulikubaliana saa moja asubuhi, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na nilijua yakianza kutoka boti italala juu ya mchanga ndani ya mwamba, na safari ndiyo imekwisha. Saa moja nikafika, mashine nimeshaitia mafuta, nikawakuta wote sita wamejiinamia juu ya simu moja iliyoegemezwa kwenye dafu. Ilikuwa fainali ya Olimpiki ya Beijing, Ufini na Warusi. Nikawaambia maji hayasubiri. Mmoja wao, mzee wa makamo, akanitazama machoni akaniambia kwamba nchi yao haijapata dhahabu hii tangu ianze kuitafuta, na kwamba atanilipa safari nzima hata kama hatutaondoka.

Nilikasirika, lakini nikakaa. Warusi walitangulia kufunga. Kipindi cha pili Ville Pokka akasawazisha, na kila nikigeuka naona maji yameacha alama mpya mchangani, hatua mbili, hatua tano. Cha tatu kilipoanza, hata dakika haijafika, Hannes Björninen akapata la pili. Kuanzia hapo nadhani sikuyatazama maji tena. Nilikuwa nimeshika bega la mtu nisiyemjua jina, na yeye ameshika langu, kwa muda wote uliobaki, na hakuna aliyesema neno. Ilipoisha 2-1 yule mzee alikwenda baharini na nguo zake zote, akakaa kwenye maji ya magotini akilia. Boti ililala pale hadi jioni, na alinilipa kama alivyoahidi.

Wafini ni kiasi cha watu milioni tano na nusu. Mwaka huohuo wakachukua na ubingwa wa dunia. Mkitaka kujua nani bora, msihesabu mataji, hesabuni mataji kwa idadi ya watu.

Kijana wa Mkoani

Kwa hesabu hiyo ya nahodha basi tusiisahau Latvia, ambayo haifikishi watu milioni mbili. Mwaka 2023 ilipata shaba ya dunia kwa kuifunga Marekani 4-3 katika muda wa nyongeza, na bunge likakutana usiku wa manane kutangaza siku ya mapumziko.

Jirani wa Mlandege

Latvia ni nzuri, lakini shaba si ubingwa. Ushauri wangu ni rahisi: tuhesabu Olimpiki tano tu, 1998 hadi 2014, kwa sababu katika hizo ligi kuu ya Amerika Kaskazini ilisimama ili wachezaji wake wote waende. Washindi ni Ucheki, Kanada, Uswidi, Kanada, Kanada. Mashindano ya dunia huchezwa mwezi Mei wakati nusu ya walio bora bado wanagombea kombe la ligi yao, kwa hiyo tuyaweke pembeni kabisa.

Mwana wa Wete

Mtu hawezi kuuweka pembeni ubingwa wa dunia wa miaka zaidi ya mia moja kwa ajili ya wiki kumi za barafu.

Bi Shangani

Nimewasoma kwa utulivu tangu mwanzo, kaka zangu, na hakuna aliyemtaja mwanamke hata mmoja. Wanawake wamecheza Olimpiki tangu mwaka 1998, na hadi michezo ya mwaka 2022 dhahabu zote walizigawana Kanada mara tano na Marekani mara mbili. Huko ndiko mnakoweza kumjua bora bila kubishana juu ya nani hakuja, kwa kuwa wote huja.

Nilikuwa nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Ottawa. Tarehe 20 Februari 2014, wakati wa chakula cha mchana, fainali ya Sochi ilikuwa ikiendelea ukumbini. Marekani inaongoza 2-0, zimebaki chini ya dakika nne. Kanada ikapata moja, kisha ikamtoa mlinda mlango ili iongeze mshambuliaji. Mmarekani mmoja akapiga kisahani kutoka katikati ya uwanja kuelekea goli lililo tupu. Kilikwenda polepole sana, mimi nikiwa na kijiko cha supu mbele ya mdomo wa bibi wa miaka 91 ambaye naye hakuufungua, na tukakitazama sote wawili hadi kikagonga nguzo na kurudi. Marie-Philip Poulin alisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 55, na ndiye aliyefunga la ushindi. Yule bibi aliniambia kwamba alipokuwa msichana alikatazwa kucheza na kaka zake, akawa anacheza akiwa amevaa koti la mmoja wao. Supu ilikuwa imepoa, nikaenda kuipasha.

Kijana wa Mkoani

Bi Shangani amesema kweli, na tukubali kosa.

Mzee wa Kikwajuni

Wanangu, anayeandika ni mjukuu wangu wa kike, mimi nasema naye anapiga herufi. Nimesikia mnahesabu. Nataka kuwaeleza kuhusu timu iliyomfunga bingwa mara mbili ikapewa shaba.

Nilipelekwa Prague kujifunza ufundi wa mitambo. Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viliingia mjini, na mwenzangu wa chumba, kijana wa Kicheki mwenye maneno mengi kupita kiasi, alinyamaza. Kwa miezi saba alisema nami mambo ya chumvi, mkate na funguo tu. Mashindano ya dunia ya 1969 yalikuwa yafanyike Prague, yakahamishiwa Stockholm. Tarehe 21 Machi Chekoslovakia ikawafunga Wasovieti 2-0, na usiku ule nilimsikia akicheka usingizini. Tarehe 28 walikutana tena. Tulikaa chumba cha televisheni, watu wamekaa hadi juu ya madirisha. Mchezaji Jaroslav Jiřík alikuwa ameiziba kwa utepe nyota nyekundu iliyokuwa kifuani juu ya simba wao. Ilipokuwa 4-3 na king'ora kikalia, mwenzangu alinishika mkono, tukateremka ngazi bila makoti.

Sijaona umati kama ule maishani mwangu. Watu waliviringisha magazeti wakayawasha moto wakayabeba kama mienge, wakaimba, wakaandika 4-3 kwa chaki kwenye kuta na kwenye milango ya magari. Tulisukumwa hadi uwanja wa Mtakatifu Václav, na huko vioo vya ofisi ya ndege za Kisovieti vikavunjwa, viti na karatasi vikatupwa barabarani na kuchomwa. Mwenzangu alikuwa akisema mfululizo, kila neno alilolizuia miezi saba, kwa Kicheki cha haraka nisichoweza kukifuata. Kisha niliona askari wanakuja, na mimi mweusi pekee mtaani pale, sina koti, sina kitambulisho. Mama mmoja alinivuta ndani ya mlango wa nyumba yake, akanivika shali, akanisimamisha gizani nyuma ya mapipa ya makaa hadi karibu na alfajiri. Kabla mwezi uliofuata haujaisha kiongozi wao Dubček alikuwa ameondolewa.

Mwisho wa mashindano timu tatu zililingana kwa pointi 16. Kwa tofauti ya magoli Wasovieti wakapewa dhahabu, Uswidi fedha, Chekoslovakia shaba.

Mtoto wa Malindi

Shikamoo babu. Nimesoma mara tatu.

Mwana wa Wete

Shikamoo mzee wangu. Niliyoyaandika kuhusu mataji 22 ni ya kweli, na hilo la 1969 ni moja kati ya hayo. Sitalihesabu tena kwa sauti ileile.

Bi Shangani

Babu, mwenzako wa chumba alifikwa na nini baada ya usiku ule?

Nahodha wa Matemwe

Na mimi nauliza hilohilo.

Mzee wa Kikwajuni

Alirudi chumbani asubuhi na jicho limevimba, akanikuta nimevaa shali ya kike, tukacheka. Mimi nilirejea Unguja mwaka 1971. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika Prague, na Chekoslovakia ikachukua ubingwa ambao Wasovieti walikuwa wameushika miaka tisa mfululizo. Sikuwa na njia ya kujua. Wiki kadhaa baadaye nilipata bahasha posta, imefunguliwa na kufungwa tena na watu wasiojulikana. Ndani hamkuwa na salamu wala jina lake. Palikuwa na karatasi moja iliyoandikwa 3-2.